Paka Aliyeota Weusi Ubavuni

Mwaka juzi tulimzika Mzee Bura pale Karatu, na siku ya tatu ya matanga, makande yakiwa yamebaki chini ya sufuria tu, mjukuu wake mmoja anayeendesha gari la watalii akaniuliza mbele za watu: "Hivi bibi, ni kweli wewe na babu mlikuwa mnapikia paka?" Watu wakaangua kicheko, hata mzee wa kanisa akashindwa kuendelea na neno lake. Mimi nilicheka kuliko wote, na kicheko changu wanaonijua wanasema kinasikika mpaka Mang'ola. Nikamjibu kwamba ndiyo, tulikuwa tunapika, tena tunapika vizuri, na paka wasiporidhika sahani inarudi jikoni. Wakacheka tena. Lakini nilipofika nyumbani nilikaa kitandani na viatu vyangu mguuni, hasira ikanipanda upya kana kwamba jambo lenyewe lilitokea asubuhi ile. Mzee Bura ndiye alikuwa mtu wa mwisho aliyeliona pamoja nami. Sasa nimebaki peke yangu, na mtu akibaki peke yake na jambo kama lile, afadhali aliandike kabla watu hawajaligeuza kuwa kichekesho cha matangani.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, nami nilikuwa na miaka ishirini na moja. Nyumba ya Madam Trude ilikuwa juu ya mji, kwenye kahawa, pale msitu wa Ngorongoro unapokaribia kumwingilia mtu mlangoni. Ukungu wa asubuhi ulikuwa mzito kiasi kwamba ukinyoosha mkono huvioni vidole, na siku nyingine niliisalimia nguzo ya uzio nikidhani ni mlinzi. Madam alikuwa mjane. Shamba lilikuwa limeshaingia mikononi mwa ushirika, yeye akaachiwa nyumba hadi mavuno yaishe, ndipo arudi kwao Ulaya. Alibaki na Mzee Bura mpishi, na mimi, na paka saba. Si hawa paka wetu wa kuzaliwa darini na kufia barabarani. Walikuwa paka wa Siam, mwili rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, uso na masikio na miguu na mkia vyeusi kama vimechovywa kwenye chungu cha masizi, macho ya buluu. Sauti zao ni kama mtoto mchanga aliyenyimwa titi. Kila mmoja alikuwa na cheti chenye majina ya baba na mama, babu na bibi, hadi kizazi cha tano. Mimi mwenyewe nilikuwa sina hata cheti cha kuzaliwa.

Cheti ndicho kilichonipa kazi. Nilikuwa nasoma masomo ya jioni, madawati ya watoto yakinibana magoti, na mwalimu wetu alinisifia mwandiko. Madam alikuwa akitunza kitabu kikubwa cha nasaba za paka wake na mkono wake ulikuwa umeanza kutetemeka, basi akataka mtu wa kuandika. Niliandika majina marefu kama treni ya Tanga. Yule bora kuliko wote, jike wa miaka mitatu, kwenye cheti alikuwa na maneno sita, lakini sisi jikoni tulimwita Sultana. Sultana alinipenda. Sitaki kusema sana juu ya hilo maana watu wataanza tena kucheka, ila nilipokuwa naandika alikuwa akilala juu ya mguu wangu hadi unakufa ganzi, nami simwondoi.

Jikoni ndiko yalikokuwa maisha. Palikuwa na jiko kubwa la chuma la kuni, halizimwi tangu alfajiri, na meza ya mbao ambayo Mzee Bura aliisugua kwa mchanga mpaka ikawa nyeupe kama jino. Kila Ijumaa ya pili alifika Koinet, mfugaji wa Endulen, akiwa na mbuzi mmoja. Nyama walikula wafanyakazi na Madam, lakini maini, nakuapia, maini yote yalikuwa ya paka, yakachemshwa na mchele. Huo ulikuwa mwaka ambao sukari tuliinusa tu dukani, na mchele ulikuwa wa harusi. Siku nyingine zote sisi tulikula ugali na mnavu, paka wanakula wali kwa maini, na mashavu yao yalikuwa yamejaa kama ya wajumbe.

"Ndito," Koinet aliniambia siku ya kwanza, yaani msichana kwa Kimasai, akimwangalia Sultana juu ya mto wake, "huyu ni paka au ni mtoto wa mfalme?"

"Ni paka mwenye ukoo," nikasema, nikamfungulia kitabu, nikamsomea mama na bibi na mama wa bibi.

Nilitegemea acheke. Hakucheka. Aliweka fimbo yake chini akakaa. "Hiyo naelewa," alisema. "Mimi ng'ombe wangu nawajua kwa mama zao mpaka kule babu yangu alipopewa ng'ombe wa kwanza. Lakini sisi hatuandiki. Mtu akisahau ng'ombe wake, amestahili kuwapoteza."

Mzee Bura akadakia kutoka kwenye sufuria: "Huyo wako anakamuliwa, Koinet. Huyu anatukamua sisi."

Sasa sikiliza jambo lilivyokwenda. Mwezi wa tano Sultana alinasa ubavu wa kushoto kwenye senyenge, na kidonda kikatunga usaha. Akaitwa daktari wa mifugo kutoka Mbulu, kijana mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Akamlaza Sultana juu ya ile meza ya jikoni, akamnyoa manyoya ubavuni mahali panapotosha kiganja, akasafisha, akashona nyuzi nne. Madam akaamuru mgonjwa atolewe jikoni. "Kidonda taka hewa safi," alisema kwa Kiswahili chake cha shambani. "Jiko chafu, moshi mingi." Sultana akahamishiwa baraza ya nyuma, upande wa msituni, kwenye kikapu chini ya dirisha lisilofungwa. Mwezi wa sita, mwezi wa saba. Anayeijua Karatu mwezi wa saba anajua ninachosema: maji ya kunawia yanauma kama siafu. Nilimwekea blanketi langu la begani. Madam akalitoa, akasema lina viroboto. Halikuwa na viroboto. Nililifua kila Jumamosi.

Kidonda kilipona vizuri. Manyoya yakaanza kurudi, na yalirudi meusi. Si meusi ya kusingizia. Ubavuni pale paliota kiraka cheusi kama unyayo wa mtu aliyekanyaga mkaa. Madam mwanzoni alisema ni manyoya machanga, yatang'aa. Akasubiri, nami nikasubiri. Mwezi wa nane ulikuwa na maonyesho ya paka huko Arusha, katika ukumbi wa klabu moja ya wakulima wa kahawa, na maonyesho hayo ndiyo yalikuwa kila kitu. Madam alikuwa anaondoka mwezi wa tisa. Paka atakayepita kwa jaji atapata mtu wa kumchukua pale pale, maana wenye kutaka paka wa namna hiyo wangekuja kutoka Moshi na Nairobi. Na asiyepita? Nilimuuliza Mzee Bura, tukiwa tunamenya viazi.

"Atachomwa sindano," alisema bila kuinua uso.

"Sindano ya nini? Si mzima?"

"Ya kulala moja kwa moja, binti. Madam amesema hawezi kuwaacha wateseke huku."

Huku. Niliweka kisu chini. Huku ndiko nilikozaliwa mimi. Huku kulikuwa na watu, watoto, nyumba, Krismasi, na nilikuwa sijajua kwamba kumbe ni mahali pa mateso mpaka nilipoambiwa juu ya maganda ya viazi.

Kwa hiyo tulikwenda Arusha kwenye Landrova, paka saba kwenye vizimba saba, mimi nyuma pamoja nao, wote wakilia kwa sauti moja tangu mteremko wa Mto wa Mbu hadi Makuyuni. Watu barabarani walidhani tumebeba shule ya chekechea. Ukumbini palikuwa na mapazia ya vizimba, vikombe vya fedha, tepe za rangi, na akina mama wa kizungu na wa kihindi wakichana paka kwa brashi za kuchania nywele za watoto. Nilishangaa, nikafurahi, siwezi kudanganya. Paka wetu sita walipata tepe na nyumba. Ikafika zamu ya Sultana. Jaji alikuwa mzee mrefu mwenye koti jeupe. Akamwinua, akatazama macho, akatazama mkia, akatabasamu. Kisha akamgeuza upande wa kushoto, tabasamu likakatika kama uzi. Alisugua kile kiraka kwa kitambaa chenye maji. Akanusa kitambaa. Akasema kwa Kiingereza maneno ambayo kisomo changu kilitosha kuyaelewa: kwamba huyu ama amepakwa kitu, ama ana damu ya shume wa mtaani.

Madam Trude akageuka mwekundu kutoka shingoni hadi kwenye mizizi ya nywele. Alinigeukia mimi, mbele ya ukumbi mzima.

"Lena! Wewe naweka nini kwa paka yangu?"

"Sijaweka kitu, Madam."

"Masizi! Dawa ya kienyeji! Wewe napaka masizi kwa kidonda!"

"Madam, ni baridi," nikasema. Na hili nataka lieleweke, sikulibuni kwa woga. Mwaka mzima nilikuwa nimeona. Watoto wa paka waliozaliwa pale, kabla hawajauzwa, waliolala kwenye boksi karibu na jiko walibaki weupe kama maziwa kwa wiki nyingi. Waliohamishiwa barazani waligeuka weusi upesi. Hata masikio na mkia, ambako ndiko kunakopoa kwanza kwa mnyama yeyote, ndiko weusi ulikokuwa mkubwa. "Weusi unafuata baridi, Madam. Mahali palinyolewa, pakapigwa baridi barazani, ndiyo maana..."

"Nani uliza wewe?" alisema. "Kaa kimya."

Kuna mama mmoja akacheka, kicheko kifupi cha puani. Mimi ni mtu wa kucheka, nakijua kicheko kinapotoka rohoni na kinapotumwa kumpiga mtu. Kile kilitumwa. Tulirudi Karatu na vizimba sita vitupu na kimoja chenye paka.

Ijumaa iliyofuata Koinet alifika na mbuzi, akamkuta Sultana tena jikoni, maana sasa hakuna aliyejali alale wapi. Nikamweleza yote. Alimpapasa ubavu kwa kidole kimoja, polepole, kama mtu anayekagua ndama.

"Ng'ombe ukimchoma alama kwa chuma," akasema, "manyoya yakirudi yanarudi na rangi nyingine. Punda akichubuliwa na mzigo mgongoni, anaota meupe. Sisi tunasema huyu aliumia hapa. Hatusemi mama yake alikuwa malaya."

Mzee Bura alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. Mimi sikuweza. Nilikuwa nimeshamuomba Madam anipe Sultana nimpeleke kwa mama yangu, kijijini kwetu Daa, na alikuwa ameniuliza maswali kama hakimu. Nyumba ina dari? Haina. Sakafu ya nini? Udongo. Moto uko wapi? Katikati ya nyumba. Moshi unatokea wapi? Unatokea unapotaka. Akatikisa kichwa kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonikera kuliko matusi. "Hapana, Lena. Paka kama huyu hawezi. Ni vizuri zaidi alale." Ati vizuri zaidi! Mama yangu amelea watoto wanane katika moshi ule, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuambiwa ni vizuri zaidi alale. Kihenge chake cha mahindi kilikuwa kikiliwa na panya wakubwa kama viatu. Usiku walikuwa wakipita juu ya mablanketi kwa miguu mizito, kama wazee wanaotoka kwenye kikao. Mtu wa Daa aliyepewa paka wakati ule alikuwa ni sawa na aliyepewa ng'ombe wa maziwa.

Daktari wa Mbulu alikuja Jumatano asubuhi. Nilimwona kupitia dirishani akishuka na mkoba wake. Sultana alikuwa juu ya meza, anaramba mguu, hana habari. Madam aliingia akiwa amevaa koti la safari, akaeleza kwa maneno machache. Daktari akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akamgeuza paka.

"Ndugu mama," alimwambia Madam, maana alikuwa kijana wa wakati ule, kila mtu kwake alikuwa ndugu, "huyu ana ugonjwa gani?"

"Hana. Manyoya kwisha haribika."

"Hapa ndipo niliponyoa mimi." Akanigeukia. "Alikaa wapi baada ya hapo, ndugu?"

"Barazani," nikasema. "Dirisha wazi. Mwezi wa sita na wa saba. Ni baridi iliyomtia weusi, daktari. Nimewaona na watoto wao." Nikamweleza yote, la boksi la jikoni, la masikio, la mkia. Nilieleza haraka haraka kama mtu anayekimbia mvua, nikitegemea wakati wowote niambiwe nikae kimya.

Daktari akatabasamu. "Umeona vizuri sana. Chuoni walituonyesha sungura wa namna hii, alinyolewa mgongo akafungiwa barafu, akaota weusi mahali pale pale. Akikaa kwenye joto, manyoya yakipukutika haya, yatakuja meupe. Damu yake ni safi kama ilivyokuwa."

Sasa mtazame Madam Trude. Nimezeeka na bado namtazama. Alimsikiliza daktari akiwa ameinamisha kichwa, akaitikia kwa kichwa mara mbili tatu, akasema, "Ah! Ajabu sana, daktari. Ajabu sana." Hakunitazama. Lile neno lilikuwa langu, lilitoka kinywani mwangu kwanza katika ukumbi wa Arusha, likaitwa masizi. Limetoka kinywani mwa mtu mwenye mkoba, limekuwa elimu. Nilisubiri aseme, "Lena, nilikukosea." Nilisubiri nikiwa nimeshika ukingo wa meza ileile aliyoisugua Mzee Bura. Maji ya kwenye birika yalichemka, yakamwagika, jiko likafoka, naye hakusema.

Alichosema ni kwamba maonyesho mengine hayatakuwapo kabla hajaondoka, kwa hiyo mambo ni yale yale, daktari aendelee.

"Siendelei," daktari akasema. "Sindano hii ni ya mnyama asiyepona. Huyu amepona, nilimponya mwenyewe." Akafunga mkoba. "Mpe huyu ndugu. Ndiye anayemjua."

"Nyumba yao na moshi, na..."

"Ina moto?"

"Moto hauzimwi," nikadakia mimi.

"Basi ndiyo nyumba anayoitaka."

Mzee Bura, ambaye muda wote alikuwa ametupa mgongo akijifanya anakoroga, akasema kwa Kiiraqw, taratibu, kwamba huyu kijana aozwe mke haraka kabla hajaharibiwa na dunia. Nilikohoa ili nisicheke.

Madam alinipa paka. Ila cheti hakunipa. Alikifungia sandukuni pamoja na vyeti vya wenzake, akasema cheti hakina maana huko ninakompeleka. Nilitaka kumwambia kwamba majina yote ya vizazi vile vitano niliyaandika kwa mkono wangu, na kwa hiyo ninayo kichwani, kama Koinet na ng'ombe zake. Sikumwambia. Nilimtia Sultana kwenye kikapu cha kuku, nikashika njia ya Daa kwa miguu, yeye akilia, mimi nikimsimulia.

Mama alimtazama mara moja, akasema, "Huyu mbona kama ameoga akasahau uso?" Kisha akamsogeza karibu na mafiga. Wiki ya kwanza Sultana alinuna, akataka maini. Wiki ya pili alikamata panya wa kwanza, akamleta hadi mbele ya mama akamlaza miguuni pake, na mama akampigia vigelegele kama mtu aliyetoa mahari. Hadi Krismasi kihenge kilikuwa kimya. Majirani walikuja kumwazima kama wanavyoazima jembe, siku mbili kwa huyu, siku tatu kwa yule, na popote alipokwenda alilala karibu na moto. Mwezi wa pili, jua lilipokuwa kali, manyoya ya ubavuni yalianza kupukutika, na chini yake pakaja rangi ya maziwa na chai, safi, bila doa.

Nikakaa nikamwandikia Madam barua, huko kwao Ulaya alikokuwa amesharudi. Sikumwandikia kwa ubaya. Nilidhani angependa kujua. Niliweka na kishungi cha manyoya yale mapya ndani ya bahasha, ili asije akasema tena ni masizi. Jibu lilifika baada ya miezi miwili, karatasi laini, mwandiko unaotetemeka. Aliandika kwamba amefurahi mno. Kwamba kwa kuwa sasa Sultana amekuwa safi, rafiki yake wa Nairobi yuko tayari kumpokea, na cheti atakituma kwa huyo rafiki. Nimfungashe vizuri na nimpandishe gari, maana, nanukuu maneno yake, hatimaye anastahili nyumba. Juu ya ukumbi wa Arusha, hakuna mstari. Juu yangu, alisema anatumaini sijambo.

Nilimsomea mama ile barua jikoni, sentensi kwa sentensi, nikiigeuza kwa Kiiraqw, na kila sentensi sauti yangu ikipanda hadi nikawa napiga kelele kama mnadani. Mama alikuwa anapepeta maharage. Hakuacha kupepeta. Sultana alikuwa juu ya kihenge, masikio mbele, mkia unacheza, ametega jicho kwenye ufa.

"Nimjibu nini?" nikamuuliza. "Nimwambieje mtu kama huyu?"

Mama akapuliza makapi, akatazama juu.

"Mwambie paka yuko kazini," alisema.

Nikaandika hivyo hivyo.